Kadi ya Picha ya Kompyuta ya Baba

Jumatatu ya wiki ya kwanza ya likizo, saa tatu na robo asubuhi, kioo cha kompyuta ya baba kilijaa mistari ya kijani, kikatetemeka kidogo, halafu giza. Nilikuwa ndiyo naingia na chai. Baba amekaa mbele yake na tai shingoni, mkono bado uko juu ya kipanya. Akasema, "Usimwambie mama yako kwanza." Nikaweka chai nikatoka.

Ile kompyuta ndiyo kitu baba alichotoka nacho kazini. Shirika lao lilipouzwa wengi walipunguzwa, na waliotaka vifaa vya zamani vya ofisini waliuziwa, wakakatwa kwenye kiinua mgongo. Wenzake walichukua viti na mafriji. Baba akaja nyumbani kwetu Mtoni na kompyuta, ikawekwa sebuleni, mama akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Tangu hapo baba anaamka, anaoga, anavaa shati na tai, saa mbili anakaa pale. Majirani wakimuulizia, mama anawaambia mzee yuko kazini, na sie tunapita sebuleni kwa kunyata.

Kazi yenyewe niliijua mie peke yangu, maana mie ndiye mpeleka chai. Baba alikuwa anacheza karata. Zile za kwenye kompyuta, unapanga nyekundu juu ya nyeusi mpaka zinaisha, halafu unaanza upya. Sikumwambia mtu. Niliona aibu utadhani ninayecheza ni mie.

Mchana ilibidi mama aambiwe. Akaitwa fundi redio wa mtaa wa pili, akafungua boksi, akanusa. Alisema kioo ni kizima, kilichoungua ni kadi inayopeleka picha kwenye kioo, na kilichoiunguza ni joto. Akauliza kama kile kitambaa huwa kinakaa juu hata mashine ikiwa inawaka. Mama akajibu ndiyo, wageni wakija lazima ifunikwe, au waone mabati matupu?

"Mama, hata wewe nikikufunika blanketi jua la saa saba utaungua," fundi akasema.

Hela ilitoka kwa mama. Ulikuwa mtaji wake wa vitumbua: mchele, nazi na mafuta. Alinipa mie jikoni, siyo baba, akaniagiza kwa sauti ya chini tukachukue kadi ya bei ndogo, chenji irudi, kwa sababu asipokaanga kesho wateja watahamia kwa mwenzake, na tangu baba apunguzwe sie tunakula hapohapo kwenye karai. Baba yako anapenda makubwa, akasema, wewe kazungumze. Mie wa kuzungumza. Darasani nikiambiwa nisome, sauti hainitoki, mwalimu mwenyewe ananionea huruma ananikalisha.

Duka liko mjini, jembamba, lina kabati za vioo. Tulimkuta mtu ananunua wino wa kuchapia, akageuka, uso ukamchangamka. "Shikamoo, bosi." Alikuwa chini ya baba kule shirikani, siku hizi ana kampuni yake. Baba akaitikia marahaba, na nikamwona mabega yanapanda, kitu ambacho sijakiona muda mrefu.

Muuzaji akatuwekea kadi mbili juu ya kabati. Moja ndogo, nyembamba, akasema ni ya watu wa kuchapa barua na hesabu. Nyingine ndefu, ina feni yake juu, ni ya wanaochora ramani za majengo na vitu vya namna hiyo. Akamuuliza baba mashine yake inafanya kazi gani. Baba akasema za ushauri. Akasema kuna michoro, kuna wateja wawili watatu wanamsumbua. Yule wa wino akaingilia kwamba bosi huyu hata kazini hukuweza kumkuta amekaa bure. Muuzaji akaisogeza ile ndogo pembeni.

Bei ya kubwa ilikuwa inameza mtaji wote. Baba akaninyooshea mkono bila kunitazama.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mawili, ndogo inatosha, basi. Niliikamata ile hela mkononi nikashindwa hata kuyasema hayo. Muuzaji akaniona. "Vipi binti, una neno?"

"Ndogo inatosha," nikasema. "Baba anacheza karata tu."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Muuzaji akaanza kuifunga ile ndogo kwenye gazeti, taratibu sana. Yule mtu akachukua wino wake, akasema, "Haya, mzee, tutaonana," na mie nikasikia kwamba lile neno bosi limeondoka. Baba akaniambia nimlipe muuzaji.

Fundi aliipachika kadi kabla ya Magharibi. Picha ikaja safi kuliko hata zamani. Baba akamshukuru akiwa amesimama mlangoni, hakusogea kutazama. Mama alihesabu chenji akanisifia, kumbe binti yake ana mdomo.

Kesho yake asubuhi baba alitoka na fulana na msuli. Akakaa barazani, karibu na wanaosubiri vitumbua. Saa mbili ikapita, hakuinuka. Jirani yetu wa nyumba ya nyuma, mama mmoja mwenye maneno, akamtazama juu mpaka chini. "Shemeji, leo hujaingia kazini? Au na huku nyumbani wamekupunguza?"

Wateja wakacheka. Baba naye akatabasamu, anatazama kidole chake cha mguu. Mama akainamia karai.

Nikaacha vyombo kwenye beseni. Nikampa jirani shikamoo, mikono inanitiririka maji, nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo siijui ilitoka wapi kwamba baba ana kazi nyingi, alikuwa ananisubiri mie nimtayarishie mashine. Nikaingia sebuleni, nikaiwasha. Nikavuta kiti chake. Tai ilikuwa inaning'inia mgongoni mwa kiti, nikaiacha palepale. Halafu nikarudi mlangoni, mbele ya wote, nikamwita.

"Baba, iko tayari."