Mama Mkwe Haambiwi Asogee

Naona haya kulisimulia jambo hili hata leo, na lau ningejua njia ya kusema ninalotaka kusema bila kujitaja mwenyewe, ningeifuata. Lakini nyinyi ni marafiki zangu, mmenivumilia miaka mingi nikiwahutubia juu ya adabu, basi ni haki mjue jinsi adabu hiyohiyo ilivyonivua nguo mchana kweupe, katika barabara ya Luzira, mbele ya askari, wachuuzi na wazazi walionikabidhi watoto wao niwafundishe.

Ilikuwa enzi ile ya utawala wa jeshi. Shemeji yangu Yokana, mdogo wake mke wangu Robina, alichukuliwa kazini kwake na watu wasiojitambulisha, na kwa muda mrefu hatukujua kama yu hai. Kisha askari jela mmoja, jirani yetu pale Bugolobi, akamnong'oneza Robina kwamba Yokana yumo gerezani Luzira, kwamba Jumamosi jamaa wataruhusiwa kuwaona watu wao hadi saa sita mchana, na kwamba baada ya hapo kundi lake litahamishwa. Wapi, hakusema (pengine hakujua, pengine alijua). Mama mkwe akaja haraka kutoka kijijini na kikapu cha matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba.

Sasa, pikapu yangu ilikuwa kuukuu, na taa za nyuma zilikuwa zimekufa. Kupita na gari la namna hiyo kwenye vizuizi vya siku zile kulikuwa kujitafutia balaa. Waya mpya ulipatikana sokoni Nakivubo, lakini kwa magendo tu, na mimi nilikuwa nimeapa kutonunua kitu cha magendo, hata chumvi (tulikula mboga chapwa, Robina ni shahidi). Basi nikakata waya wa redio mbovu, nikauunga na ule wa zamani, nikakifunga kiungo kwa kitambaa, na kwa kuwa haukutosha kupita chini ya chasisi, nikauchomeka katikati ya mbao za sakafu ya nyuma, nikatandika mkeka juu yake. Nikakanyaga breki.

"Zinawaka, Baba Sara," akasema Robina, nami nikajiona fundi.

Kwetu Buganda mume hamkaribii mama wa mkewe. Hawagusani, hawatazamani, na wakiwa na la kusemezana hulipitisha kwa mtu mwingine. Mbele palikuwa na viti viwili tu, kwa hiyo mama mkwe asingeweza kuketi kando yangu. Akapanda nyuma, akakaa mkekani, akajifunika kitambaa usoni, nami nikatazama ukuta hadi alipotulia.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari akazunguka nyuma ya gari. "Kanyaga breki! Hapana waka. Wote toka chini!"

Robina akamshusha mama yake polepole, maana goti lilimsumbua. Askari akaniamuru nikanyage tena, taa zikawaka. "Aa, iko. Panda." Mama akapandishwa, akaketi, nikakanyaga, hazikuwaka.

"Mwalimu! Gari yako nakonyeza mimi? Mimi bibi yako? Hapana tengeneza, hapana pita!"

Nikatazama fyuzi. Nikabadilisha globu, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Nikasugua miguu ya globu kwa ubavu wa kiberiti, nikakaza skrubu ya waya uliofungwa kwenye bodi ya gari, nikalala chali lamini na shati langu la Jumamosi, uso nimeugeuza pembeni ili nisimwone mama mkwe kupitia nafasi za mbao. Nilikagua kila mahali isipokuwa pale alipoketi. Foleni ya magari ikarefuka, honi zikaanza, na jua likazidi kupanda.

Askari ndiye aliyechoka kwanza. "Mama, shuka. Iko! Mama, kaa. Hakuna!" Akapiga paja. "Wee! Mwalimu, huyu mama ndiye swichi!"

Foleni nzima ikacheka. Ndivyo ilivyokuwa kweli: mama akiketi, ubao ulibonyea na kiungo kikaachana, akiinuka, kikagusana. Robina akanisogelea, machozi yakimlengalenga.

"Baba Sara, nimwambie mama asogee kule kwenye tairi la akiba. Twende. Yokana anangoja."

Nikamjibu kwa sauti ya darasani: "Mama mkwe haambiwi asogee kama gunia. Nitaunga upya."

"Papa Mwalimu!" akaita Mkongomani mmoja mwenye marobota ya vitenge. "Mama asogee, tupite! Kwetu mama wa bibi ni mama tu!"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikasimama, waya mkononi, nikawahutubia watu wa foleni: kwamba taifa lililopoteza heshima kwa wakwe limepoteza yote, kwamba pupa ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo. Kisha nikainama kufunga kitambaa, kikachanika, nikachana kingine kutoka kwenye leso yangu.

Askari akaja na bunduki. "Nasema adabu? Sasa mimi nafundisha wewe. Beba huyu mama, weka mbele. Beba!"

Nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na alijikunja kama mtoto anayeogopa sindano, kitambaa amekivuta hadi kidevuni. Wageni walipiga miluzi. Wenye kuijua mila yetu waliinamisha macho, na hao ndio walioniumiza zaidi. Robina akapanda nyuma, akachuchumaa kando ya tairi la akiba, na taa zikawaka kila nilipokanyaga breki, njia nzima hadi Luzira.

Lango lilikuwa limefungwa. "Saa imepita, mzee," akasema mlinzi, bila ukali. "Wale wamepakiwa kwenye lori sasa hivi tu." Robina akaketi chini, akalia. Mama mkwe hakulia. Alisimama na kikapu chake akilitazama lango, kisha akakifunua kitambaa usoni na kunigeukia, akaniambia mimi, bila kupitia kwa mtu:

"Mwanangu, nirudishe nyumbani."

Yokana hatukumwona tena, wala hatujaonyeshwa kaburi. Mama mkwe hakunilaumu hata mara moja hadi alipofariki. Sijaacha kuheshimu wakwe, msinielewe vibaya, na vijana wenu nitaendelea kuwakemea. Lakini nimeapa kwamba mtu akiwa amekalia njia ya mwingine nitamwambia asogee, awe mkwe, awe askofu. Siku ile sikuwa nikimheshimu mama yule. Nilikuwa nikiitunza heshima yangu, naye ndiye aliyelipa, kwa kumkosa mwanawe.