Uvimbe ya Imbwa na Lotoko ya Mama wa Isangi

Hii habari inanionyesha mujinga, lakini wengi walioiona hawako tena Kisangani, donc naweza kuieleza.

Wakati ya uasi, ndugu yangu mukubwa alifwata waasi kwa barabara ya Bengamisa, akaniachia imbwa yake. Hakurudi. Imbwa ikaota uvimbe chini ya mukia. Mi nilikuwa naosha vyombo kwa labo ya docteur wa mifugo. Docteur akakata kipande, akasema: "Kama ni kansa mubaya, tunaiua. Kama hapana, itapona." Nikasema bon. Sikusikia kitu ndani yangu. Ule mwaka sikuwa nasikia kitu.

Kujua, ni kwa rangi. Unakata nyama nyembamba kuliko karatasi ya sigara, unaiweka juu ya kioo, unatia rangi ya bleu na ya rose, kisha unaiosha na alcool mpaka maji yote itoke. Lakini mabato ya kuleta mizigo haikuwa tena inapanda mutoni, alcool ikaisha. Docteur akanituma nitafute lotoko kali, ile pombe ya kupika ya muhindi, sokoni, kwa mama moja wa Isangi.

"Iko kali?"

"Onja, weye."

Nikaonja. Nikaonja tena, juu ya sayansi. Nikasema hii njo yenyewe.

Kioo ikatoka nyeupe kama maji ya muhogo. "Naona ukungu tu," docteur akasema.

"Pengine imbwa inavuta tumbako."

Hakucheka. Akamwaga lotoko kwa sahani, akapiga kiberiti. Haikuwaka, maji ilikuwa mingi ndani.

"Uliipima na nini?"

"Na kinywa."

"Nyama imebaki ya kioo moja."

Nikarudi kwa ule mama wa lotoko. Mama akaipika tena, na tena, mpaka ikawaka moto ya bleu. Ile kioo ya pili ikatoka safi. Docteur akaniita kwa microscope.

"Hii ni glande, tezi ya karibu na matako. Cellules zake, zile chembe ndogo za nyama, ziko kama za maini."

"Alors maini imeshuka mpaka kule?"

"Nyamaza, angalia. Zimejipanga. Kansa mubaya ingekuwa ovyo ovyo."

Nikaangalia. Zilikuwa mistari mistari, kama watu wanaongoja chumvi.

"Donc imbwa inabaki?"

"Inabaki. Lakini tutaihasi, juu hii uvimbe inakula nguvu ya mapumbu."

Jioni nikapita kwa mama wa lotoko, nikamwambia imbwa ya mukubwa yangu haitauawa. Juu ya mukubwa mwenyewe hakuuliza kitu. Aliniangalia kidogo.

"Bon," akasema. "Na weye, umekula leo?"