Ukuta alioujenga baba kule Pasiansi, na mchana niliomkuta mama amelala

Wakuu, salaam kwenu, pamoja na dada zangu mnaosoma humu kimya kimya bila kukomenti.

Hiki nilikiona kwa macho yangu Pasiansi, Mwanza, miaka ya tisini. Chumvi sijatia. Kama kuna mtu wa Mwanza wa enzi zile, anisahihishe.

Ilikuwa miaka ya ubinafsishaji. Baba alipunguzwa kazi kiwandani, na wenzake wengi tu. Basi tangu asubuhi wamejaa barazani kwetu, wanacheza drafti na kujadili nchi.

Hakuna aliyeona shida. Ila baraza ile ndiyo mama alikuwa anapumzikia. Sasa akitoka anaruka miguu ya wanaume. Akahamia jikoni moja kwa moja, na mtu aliyekuwa mwongeaji hasa akawa bubu.

Na mwanamke kukaa ziwani bila shughuli ilikuwa soo. Mwanaume akikaa juu ya jiwe, anapunga upepo. Mwanamke akikaa, watu wanaulizana anamsubiri nani.

Siku moja nikamfuata mama ziwani. Wakuu, alikuwa anafua mashuka niliyoyaanua mwenyewe jana yake, safi kabisa! Na majirani zetu pembeni wanasuuza taratibu, wanapiga stori, wanasukuma magugu maji kwa mkono. Nilipomuuliza, akasema nyumbani hana pa kukaa. Iliniuma sana.

Sasa kulikuwa na Mama Shirin, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Jioni alikuwa anakuja ziwani na binti zake, wanaishia kukaa ndani ya gari, vioo juu. Naye alikuwa amechoka na hali hiyo. Akatoa saruji na mabati, kata ikatoa kipande cha ufukwe, na baba, ambaye ufundi ujenzi alikuwa anaujua, akapewa kazi ya kujenga mahali pa wanawake kupumzikia.

Baba alijenga kwa moyo wote. Mabenchi ya zege, sehemu ya kufulia, choo, paa. Na kuzunguka vyote hivyo, ukuta wa mawe mrefu kuliko yeye, mlango mmoja. Alisema hakuna mhuni atakayewachungulia wake za watu. Ukuta ule alijivunia kuliko nyumba yetu.

Wanawake wakaja, wakashukuru, hawakurudi tena.

Baba aliumia. Akaanza kulalamika kwamba wanawake hawaridhiki. Mama Shirin akaitisha kikao pale pale. Wanaume wakaongea weee, wanawake macho chini. Mwisho akamwomba mama aseme.

Mama akasimama, akamgeukia baba mbele ya watu wote.

"Baba Neema, umefanya kazi nzuri, nakushukuru. Ila mtu mbaya akiingia humu, ukuta huu unamficha yeye. Sisi tunataka kumwona anayekuja, na wenzetu watuone."

Neema ni mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Enzi zile mke akimkosoa mume kikaoni, nyumbani hapakaliki.

Kesho yake baba akachukua nyundo, akaubomoa mwenyewe mpaka ukafika kiunoni. Akafungua njia ya pili upande wa barabara. Akajenga mabenchi mengine yanayotazamana, na mlango wa choo akauhamishia upande wa mabenchi, mama na Mama Shirin wamesimama hapo wanamwelekeza. Alifanya yote.

Wakuu, kilichofuata kinanishangaza mpaka leo. Walijaa! Wengine hata ndoo hawakubeba. Binti za Mama Shirin walishuka garini. Wanawake wanacheka kwa sauti, nje, mchana. Nilikuwa kidato cha pili na sijawahi kusikia kitu kama kile.

Jumamosi moja tukaenda na baba kumwita mama. Tukamkuta amelala juu ya kanga, mdomo wazi, ndala moja huku nyingine kule. Wenzake pembeni wanasukana nywele.

Sikuwahi kumwona mama yangu amelala mchana, hata nyumbani.

Baba alibaki nje ya ukuta, akamtazama mpaka machozi yakamlengalenga. Nikataka kumwita mama.

"Mwache," akasema. "Twende tukapike."

Nilichojifunza: ukijenga mahali pa watu, usifurahie tu kwamba wanawake wameingia. Subiri uone kama kuna aliyethubutu kusinzia.

Kwenu mahali kama hapo papo? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.