Dirisha Nililolifunga

Msumari wa kwanza niliupigilia mimi mwenyewe, nisimsingizie mtu. Mama alikuwa na wiki moja tu tangu apigwe na kiharusi, upande wote wa kulia hauna nguvu. Mama mkubwa, dada yake, alishasema kiharusi ni upepo mbaya, na aliyeangushwa na upepo asiguswe na upepo tena. Yeye alimuuguza mumewe kwa maradhi hayo hayo mpaka akamzika, kwa hiyo nyumbani ndiye aliyekuwa mjuzi wetu. Nikaliziba kwa blanketi dirisha linalotazama mtaa wa Kariakoo, chumba kikawa giza mchana kutwa.

Mama aliishi humo miezi minane. Alijifunza kusimama kwa kushika kitanda, na nia yake ilikuwa moja: kwenda msalani kwa miguu yake, asibebwe na mwanawe. Halafu miguu ikaanza kumsaliti. Akawa analalamika mifupa inamuuma, na mara mbili nilimdaka akielekea sakafuni.

Nikampeleka hospitali. Daktari alimpima damu, kisha akaniuliza mama anapata jua saa ngapi. Nilitaka kucheka. Jua la Dar, linalotuchoma mpaka tunalitukana, nani analikosa? Nikalikumbuka blanketi langu.

"Vitamini D yake iko chini sana," alisema. "Wagonjwa wengi wa kiharusi tunawakuta hivi, maana wanashinda ndani. Nitampa dawa, na wewe mtoe juani kidogo kidogo. Mkono hautarudi kwa hilo. Ila mifupa ikizidi kulegea, akianguka nyonga itavunjika, na hapo sidhani kama atasimama tena."

Nilirudi nyumbani nimejikasirikia, lakini hasira zikamwangukia mama mkubwa. Nikamwambia kesho asubuhi nampandisha mama juu ya paa, tunakoanika nguo. Akakaa mlangoni na tasbihi yake, akasema nikimtoa upeponi nitamzika wiki hiyo hiyo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akaniambia.

Nikamjibu kwamba ni hilo guu lenyewe ninaloliogopa. Sijawahi kumjibu vile maishani mwangu, na niliona aibu kabla sijamaliza.

Asubuhi wapagazi wawili wa duka la chini walimbeba mama kwenye kiti cha plastiki, ghorofa tatu. Kila ngazi kiti kiliinama, naye alinishika kwa mkono wake mzima mpaka kucha zikaniingia. Kufika juu, kizuizi kingine: maghorofa yametuzunguka, madirisha kila upande, na mama, aliyevaa buibui tangu alipovunja ungo, hakukubali kufunua hata kiwiko. Nilimbembeleza. Akatikisa kichwa tu. Nilikaribia kulia, maana taabu yote ile ilikuwa inakwenda bure.

Mara mama mkubwa akatokea kwenye ngazi, anahema, amekumbatia kanga za kabati zima. Hakunitazama. Alizitundika kwenye kamba za nguo pande zote nne, tukapata chumba kisicho na dari. Upepo ulipozipeperusha, alizibana pindo kwa mikono yake miwili. Ndipo mama akakubali kufungua buibui. Nilimkunjia mikono ya gauni, naye akauchukua ule mkono usio na nguvu kwa mkono mzima, akaulaza juani, juu ya paja lake.

Nilipogeuka, mama mkubwa alikuwa analia. Nilidhani ni kwa maneno yangu ya jana, nikaanza kumwomba radhi.

"Sikulilii wewe," alisema, bado ameshika kanga. "Baba yako mkubwa naye nilimfungia dirisha. Miaka miwili. Alishuka kitandani tu, nyonga ikavunjika."

Daktari hakuniambia kama jua lingemwokoa mtu kama baba mkubwa, na mimi sikuthubutu kukisia. Nilimpokea ile kanga, nikaishika mimi, ili yeye apate kukaa.