Nilimtilia wifi yangu ngano kwenye uji

Admin, naomba unifiche vizuri, maana ndugu wa mume wangu wengi wanafuatilia hapa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, naishi Shelui. Nina kibanda cha chakula pale yanapoegeshwa malori. Napika chapati, maandazi, supu na chai. Mume wangu anaziba pancha jirani na hapo. Mnitukane mkitaka, lakini kwanza msome mpaka mwisho.

Mimi ni mnene. Sikuwa hivyo aliponioa, ila baada ya mtoto wa tatu mwili ulikataa kurudi. Mume wangu akaufanya mwili wangu kuwa maongezi ya kijiweni. Siku moja nawapelekea madereva chai, akasema mbele yao, "Huyu akivuka barabara, malori yanapunguza mwendo yakidhani ni tuta." Wakacheka. Nami nikacheka nao huku nakusanya vikombe.

Mwaka jana mdogo wake wa kike, nitamwita Rehema, miaka ishirini na nne, alipata kazi ya kufundisha watoto wa awali hapa, akaja kuishi kwetu. Alikuja na masharti ya daktari kwamba ngano asile maisha yake yote, wala shayiri. Miaka mingi alikuwa anaharisha, tumbo linajaa, damu inapungua, hadi walipompima hospitali kubwa wakagundua utumbo wake unaharibiwa na kitu kilichomo kwenye ngano, wanakiita gluteni. Tangu aache alikuwa amenawiri. Mwembamba, ngozi inang'aa, anakula ugali wake wa mtama na mlenda, hana habari na mtu.

Mume wangu akaona jibu lipo hapo. Kwenye simu yake kuna mtu anayefundisha kwamba ukiacha gluteni kitambi kinayeyuka. Akaniambia, "Ona Rehema alivyo. Kuanzia leo ngano usiiguse. Chapati pika za wateja, za kwako sahau." Nikatii. Miezi mitatu nilikanda unga bila kuonja hata kipande. Njaa niliimaliza kwa wali, viazi vya kukaanga na karanga. Siku ya kupima, akanipeleka kwa jirani anayenunua alizeti, akanipandisha kwenye mzani wa magunia watu wakiangalia. Nilikuwa nimeongezeka kilo nne.

Jioni ile tukiwa tunakula, Rehema akataka kunitetea. Akamwambia, "Kaka, mimi sikuacha ngano ili nipungue. Niliiacha kwa sababu inaniua. Wifi hana ugonjwa huo. Mtu ukiacha chapati halafu ukala sahani mbili za wali, mwili utapunguaje?" Alisema kwa upole kabisa. Lakini mume wangu alilidaka lile neno, kesho yake akalipeleka kijiweni. Mpaka leo kuna madereva wananiita Mama Sahani Mbili.

Nikamchukia Rehema. Mume wangu sikumchukia, nilimchukia yeye. Nikajiambia anadanganya, ni maringo tu ya mtu aliyesoma. Asubuhi iliyofuata nikatia kijiko cha unga wa ngano kwenye uji wake wa mtama. Siku ya kwanza nilitaka tu kujua kama ni kweli. Siku ya tatu alikuwa anashinda chooni, na jibu nilikuwa nimeshalipata. Niliendelea wiki sita.

Mashavu yaliingia ndani, nywele zikawa zinakatika. Alikuwa ananiuliza, "Wifi, una uhakika kule mashineni hawasagi mtama pamoja na ngano?" Namjibu, "Nasimamia mwenyewe mpaka unga unaingia kwenye ndoo." Ni mimi huyohuyo niliyekuwa namfulia mashuka na kumshika mkono kumpeleka zahanati. Majirani wakanisifu, wakasema mawifi wa namna yangu siku hizi hawapo.

Alikuwa na mchumba, mwalimu mwenzake. Wazazi wa kijana walikuja kumwona, wakamkuta anatembea kwa kushika ukuta. Yule mama akanifuata jikoni, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, niambie kweli, huyu binti ana ule ugonjwa?" Nilijua anamaanisha nini. Neno hapana lingetosha. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Mama, mimi sijui, mambo ya mtu ni siri yake." Hawakurudi tena.

Rehema akaacha kazi, akarudi kwa mama yao, kijijini Ulemo. Nilidhani akiwa mbali na jiko langu atapona, na mambo yataisha yenyewe. Mimi chapati nikazirudia, uzito uko palepale.

Wiki iliyopita akanipigia, sauti yake kama ya mtoto. Anasema kwa kuwa kwangu aliugua akiwa anakula mtama, ameona mtama nao unamdhuru. Ameuacha. Ameacha uwele, ameacha na mahindi. Anakula viazi vitamu na chai ya rangi, basi. Wameambiwa wampeleke tena hospitali, amekataa, anasema walimdanganya tangu mwanzo. Kisha akasema, "Wifi, wewe ndiye uliyekuwa unanipikia, unajua tumbo langu kuliko mtu yeyote. Niambie, nile nini?"

Nikamwambia aendelee na viazi.

Akampa simu mama mkwe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishukuru kwa Kinyiramba kwa jinsi nilivyomtunza mwanawe.

Nikisema ukweli, mume wangu atanifukuza, na wanangu watalelewa na mwingine. Nikinyamaza, yule binti atakufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye magunia ya mtama. Sihitaji kuambiwa kwamba mimi ni mbaya, hilo ninalijua. Nyie mliowahi kukiri jambo la namna hii, naombeni mnielekeze: nianze kwa Rehema, kwa mama mkwe au kwa mume wangu? Na neno la kwanza niseme lipi?