Kiti cha Maili na Mizigo ya Ukoo

Ninyi vijana mnaopanga safari kwa kidole kwenye simu, nisikilizeni kidogo. Mimi nimesafiri sana, lakini kupanga safari sikuwahi. Tulivuka ziwa tukikimbia risasi, tukarudi tuliposikia kumetulia. Nilienda hospitali ya Nundu kuuguza mtu, nilipanda Fizi kwa matanga. Safari ilikuwa inakuja yenyewe. Unafunga kitenge, unatoka. Hii ya ndege ilinitaka nikae chini nifikiri.

Binti yangu anakaa mbali, nchi ya theluji. Kazi yake ni kuwatafsiria watu wetu huko, na inampandisha ndege mara kwa mara. Kila akisafiri, kampuni ya ndege inamwekea kitu wanakiita maili, kama mama wa sokoni anavyomwongezea mteja wake konzi ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Maili zikijaa zinageuka tiketi. Zake zilitosha mtu mmoja tu, kwenda na kurudi, na mwaka ukiisha zingekufa.

Naye alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungulia huko huko, akatoka hospitali akaenda kujipikia. Hakuna aliyemkanda kwa maji ya moto, hakuna aliyempokea mtoto ili yeye alale. Akaniambia kwenye simu, "Mama, mara hii peke yangu siwezi." Tangu nimzae sijamsikia akisema hawezi kitu. Nikamjibu nitakuja, na nitakaa mpaka mtoto aanze kukaa mwenyewe.

Tukaanza kupanga. Kiti cha maili hakipatikani kila siku. Unakivizia, na kikitokea unakichukua hivyo kilivyo, hata kama njia inazunguka. Changu kilizunguka: nipandie Bujumbura, kisha nibadili ndege mara mbili, na ile ya pili ilikuwa ya haraka haraka. Mjukuu wangu wa kike, ninayekaa naye hapa Baraka, alishika simu na binti akanifundisha: hapa fuata alama ya ndege, hapa toa pasipoti, ukipotea simama, muulize mwenye sare. Nilirudia maneno hayo nikifua, nikipika, nikifagia.

"Koko," mjukuu akanitania, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "we utapigia bazungu kelele mpaka bakubebe mugongoni."

"Watanibeba. Wewe shika simu vizuri."

Mambo yaliharibika habari ilipotoka nje ya nyumba. Kwetu msafiri hakatai mzigo. Ukikataa, watu wanasema umekata undugu. Jirani akaleta unga wa muhogo wa mwanawe aliye huko. Mwingine ndagala, mwingine samaki wa mikeke waliokaushwa, mwingine sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuanikwa. Mwisho akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Kalemie kwa boti. Yeye alikuja na gunia zima la ndagala.

"Shemeji, mimi nina sanduku moja," nikamwambia.

"Aa! Si unasafiri bure? Mwenye boti akinipa kiti bure, ni kwa sababu ananijua. Mizigo yangu hata haangalii. Na hao ba ndege banamujua mutoto yetu. Weka tu!"

Bamama wote waliokuwepo wakaitikia. Na mimi niliona ana akili, maana boti zetu ndivyo zilivyo. Nikapokea kila kitu. Chumba kikanuka samaki mpaka uani.

Binti alipopiga simu, mjukuu akamwonyesha ule mlima wa mizigo. Binti akasema polepole, "Mama, ndege haimjui mtu. Watafungua mizigo yako katikati ya njia, na ile ndege ya mwisho haitakungoja. Kiti hicho kikipotea hakuna kingine, maili zimeisha. Mtoto atazaliwa, na we uko kwenye benchi ya watu unalinda ndagala."

Siku hiyo nilichambua maharage nikiwaza. Wale bamama hawakuwa na tamaa. Watoto wao wako mahali ambapo mama hawezi kufika, na unga ule ndio mkono wake. Nikirudisha mzigo nyumba kwa nyumba, ni kama nauangusha ule mkono njiani. Lakini nilikuwa namwona na binti yangu, amesimama jikoni na kidonda cha uzazi, anakoroga ugali wake mwenyewe. Haya mawili yalinivuta, na nilijua moja nitaliumiza.

Nikamwita shemeji kwanza, maana yeye ndiye aliyewatia wote moyo.

"Niambie, nani atamkanda binti yangu? Gunia lako?"

Akacheka. Akaona sicheki, akaacha. "Sasa ukoo utasema nini?"

"Ukoo utasema ukiwa umeshiba."

Nikaenda mlangoni pa jiko, nikaagiza nyumba yangu: washeni moto. Pikeni vyote, unga, samaki na sombe, na gunia la shemeji msiliogope. Kisha piteni kwa wenye mizigo muwaite waje kula, na kila mmoja aje na neno la kumpelekea mwanawe, aliseme hapa mbele yangu mpaka nilishike. Ndani ya sanduku wekeni nguo zangu na vitenge vya kubebea mtoto, na mtu asiongeze hata dagaa mmoja.