Mwenye Jina Yu Hai

Mtaani walimwita Mama Pazia, naye aliitika bila kinyongo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu, mbele kioo, nyuma cherehani mbili na meza ya kukatia vitambaa iliyolika pembe kwa kugongwa na viuno vya wateja. Alishona mapazia tangu usichana wake, na mdomo pia alikuwa nao. Mteja akileta kitambaa cha maua makubwa kwa chumba kidogo, humwambia, "Mwenzangu, ukilitundika hili itabidi uyaombe maua yakupishe ulale." Mteja hucheka, halafu hununua kile alichochaguliwa.

Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeibeba nyumba. Alimtunza mama, akamlea kitindamimba wa kiume, akamsomesha kwa mapazia mpaka akahitimu mambo ya kompyuta. Nyumbani kijana huyo aliitwa Profesa, mwanzo kwa utani, baadaye kwa fahari. Alipokuwa bado mwanafunzi alimfungulia dada yake tovuti, akamwandikishia na jina la tovuti hiyo: neno moja tu, mapazia, halafu nukta na zile herufi tatu ambazo dunia nzima inazijua.

"Dada, hakuna aliyelichukua! Hebu fikiria!"

Dada hakuweza kufikiria chochote, alikuwa amebana pini mdomoni. Lakini kila mwaka alililipia ada yake, na kweli wateja wengine walimpata huko.

Miaka ikapita. Siku moja ikaja barua pepe kutoka kampuni ya samani yenye maduka katika miji mingi. Walitaka kulinunua lile jina, wakauliza analiuzaje. Mama Pazia aliisoma akidhani wanataka duka, akakasirika. Aliposoma tena akaelewa, akampigia mdogo wake.

"Usiwajibu, dada," alisema Profesa. "Ukitaja bei ovyo utachekwa. Lithaminiwe kwanza. Nina rafiki yangu, kazi yake ni hiyohiyo ya kuthamini majina ya tovuti. Nitamleta."

Akamleta. Jamaa alivaa tai nyekundu iliyomkaba mpaka shingo imefanya mikunjo, kwa hiyo mshonaji akamwita Bwana Tai moyoni mwake. Bwana Tai alifungua kompyuta juu ya meza ya kukatia, akabofyabofya, akatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Soko la majina limelala, mama. Hili lako ni neno la Kiswahili, wanunuzi wake wa kuhesabu. Na hao waliokuandikia, nina wasiwasi ni matapeli." Akafunga kompyuta taratibu. "Lakini wewe ni dada wa rafiki yangu. Nitalichukua mimi mwenyewe, nikupe bei ya cherehani mpya."

Profesa alikuwa anaangalia simu yake. "Chukua, dada, kabla hajabadili mawazo."

Mama Pazia aliomba apewe muda. Walipoondoka alikaa na futi kamba shingoni, kitu kinamkera. Mtu kaja kupima, tena papo hapo kageuka mnunuzi. Akapimaje kwa haki kitu anachotaka kukipata rahisi? Kwa mdogo wake, hata hivyo, hakuwa na shaka hata chembe. Alimwonea huruma. Alijisemea kwamba yule ana moyo mweupe, na mjini kazungukwa na wajanja. Akaamua kutafuta mthamini mwingine kimyakimya, asimwaibishe mbele ya rafiki yake.

Alikuwa na mteja wake, wakili, mwanamke wa maneno machache. Siku ya kumtundikia mapazia ya ofisini, Mama Pazia alimuuliza mthamini wa haki anajulikanaje, akiwa juu ya ngazi, ringi zimejaa mkononi.

"Mtafute anayetoza ada ileile, jina liwe dhahabu au takataka," wakili alimjibu. "Asiyedai asilimia, na asiyenunua yeye mwenyewe. Akikutajia thamani, akuonyeshe majina yanayofanana na lako yaliuzwaje. Na akikwambia ana uhakika kabisa, mkimbie."

Akamwelekeza kwa mwanamama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la viatu.

Mama Pazia alipanda ngazi zile zilizonuka ngozi na gundi. Mthamini alikuwa mtu mzima, mwembamba, feni ikimpeperushia karatasi naye akizikandamiza kwa kikombe. Alimkaribisha kiti, akamuuliza ni jina gani. Mama Pazia akalitaja. Yule mama akavua miwani.

"Kumbe unatoka kwenye familia ileile. Pole sana kwa msiba, dada yangu."

"Msiba gani?"

"Wa dada yenu, mshonaji, mwenye hili jina. Kijana alikuja wiki iliyopita. Alisema dada yake amefariki, yeye ndiye msimamizi wa mali zake, anataka kujua thamani kabla ya kuuza. Nikamfanyia kazi yake yote." Akasita, akamtazama mgeni wake vizuri. "Kama mnagombea mirathi, tafadhali, mimi nisiingizwe."

Chini, fundi viatu alikuwa anagonga soli. Mama Pazia aliisikia kila nyundo.

"Huyo kijana yukoje?"

"Mrefu, mpole sana. Ana pengo hapa mbele. Masikini, machozi yalimtoka akieleza."

Pengo lile Mama Pazia alilijua. Lilipatikana siku mtoto alipoteleza akimkimbilia yeye mlangoni.

"Mwenye jina ni mimi," alisema. Akanyoosha mkono juu ya meza. "Nishike. Uone kama nimepoa."

Mthamini hakuucheka utani ule. Aliushika mkono kweli, akaubakiza mkononi mwake. Kisha akaomba kuona kitambulisho, akakiri kwamba yeye alipaswa kumdai hata yule kijana ushahidi kama huo na hakufanya hivyo, alisikia kilio akalegea. "Kosa ni langu. Ada yako siichukui."

"Utaichukua," Mama Pazia alisema. "Leo nataka mtu mmoja anifanyie kazi kwa haki yake."

Jambo la kwanza walilofanya ni kubadili neno la siri, kwa sababu Profesa ndiye aliyelitunga. Lilikuwa jina la kubembelezea ambalo dada alimwitia alipokuwa mchanga. Aliliandika mara ya mwisho kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, halafu akaweka jingine. Baada ya hapo mthamini alimwonyesha majina yanayofanana na lake na jinsi yalivyouzwa. Hakutaja bei moja. Alitaja ya chini na ya juu, akasema kati ya hizo ni kupatana. Hiyo ya chini tu ingenunua cherehani zote za mtaa ule.

Hakumpigia mdogo wake. Alisubiri. Asubuhi iliyofuata Profesa alikuja mwenyewe, akihema.

"Dada, ile tovuti yako ina tatizo. Neno la siri limegoma."

"Ulikuwa unaingia kufanya nini?"

"Kuangalia tu."

"Marehemu kalibadilisha."

Profesa alikaa kwenye furushi la vitambaa bila kuangalia anakalia nini.

"Ningekuambia, dada. Nataka kufungua kampuni yangu. Yule rafiki yangu angekuwa mbele tu, angewauzia wale watu, tugawane. Na wewe ningekupa."

"Si ungeniomba?"

"Ada nilikuomba, viatu nilikuomba, nauli nilikuomba. Nimechoka kuwa mtu wa kukuomba wewe."

Neno hilo lilimchoma kuliko lile la kifo. Miaka yote alidhani anampa. Hakujua mwenzake anaona anaombeshwa.

"Ndiyo ukaniua?"

"Ni maneno tu, dada. Bila hivyo asingenifanyia tathmini."

"Yule mama kasema ulilia. Ulikuwa unamlilia nani?"

Profesa alijaribu kumshika mkono, dada akauondoa. Hakupiga kelele, majirani hawakusikia lolote. Alichukua futi kamba yake akamwambia ana dirisha la mtu la kupima, na kwamba anatoka sasa hivi na kufunga duka. Kijana akanyanyuka.

Jina liliuzwa. Wakili alikaa na wale wa kampuni, wakapatana bei ya katikati, ndani ya mipaka aliyoichora mthamini. Wateja walipofika kumpongeza, Mama Pazia aliwajibu kwa mizaha yake ya kawaida, lakini siku pesa zilipoingia alikata pazia la mteja likawa fupi, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Alinunua kitambaa kingine kwa fedha yake, akakata upya. Profesa alituma ujumbe wa kuomba radhi, kisha mwingine, mrefu zaidi. Dada aliusoma wote. Hakuufuta, wala hakuujibu.

Kilichomshinda ni mama yao. Bibi yule alishinda kitandani karibu na dirisha, na kila gari likisimama nje aliuliza kama ni kitindamimba wake.

"Profesa haonekani siku hizi. Mmegombana?"

"Hapana, mama. Ana kazi nyingi."

"Wewe ndiye uliyemlea, wewe anakusikiliza. Mwambie asijichoshe."

Mama Pazia alimnyanyua kidogo, akamgeuzia mto upande wa baridi.

"Haya, mama. Nitamwambia."